Nasaba ya Boti Ndogo ya Mbio

Kiganjo inayozungumzwa hapa si ile ya Nyeri inayojulikana kwa chuo cha polisi. Ni Kiganjo ya Thika, mtaa wa bara ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, katika nchi ya mito myembamba, mashamba ya kahawa na mananasi, na viwanda. Si mahali ambapo mtu angekwenda kutafuta historia ya vyombo vya majini. Lakini ichukue boti ndogo ya mbio, ile ya sentimita 70 hivi inayosukumwa na mota ya umeme na kuongozwa kwa redio kutoka ukingoni, uifungue kifuniko na kuuliza kila kipande kina asili gani. Majibu yanarudi nyumbani upesi. Umbo lake lina ndugu Lamu na Zanzibar. Umeme wake una historia Ruiru. Betri yake ina madini ya Katanga. Na mota iliyomo ndani ni ya ukoo mmoja na mota za mabasi yanayounganishwa Thika leo.

Wengi huidharau kwa udogo wake, wakiona ni kichezeo cha mtoto wa tajiri. Pwani ya Waswahili haikuwahi kufikiri hivyo kuhusu vyombo vidogo. Lamu na Zanzibar watoto wamekuwa wakichonga vidau na vingalawa kwa miti myepesi, au kwa soli za ndara zilizochakaa, wakavitundika matanga ya kitambaa au ya mfuko wa plastiki, kisha wakavishindanisha kwenye maji ya kina kifupi. Huo ni mchezo, na pia ni darasa. Mtoto ambaye mlingoti wake umesimama nyuma mno huona chombo kikigeuza omo kuelekea upepo na kukataa kwenda. Anayesahau kuweka uzito chini huona chombo kikilala ubavu. Kabla hajagusa randa ya baba yake, ameshajua kwamba chombo hakisamehe kosa la mizani.

Kuna jambo zito zaidi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. James Hornell alipochapisha makala yake kuhusu mitepe na madau ya Lamu katika jarida la Mariner's Mirror mwaka 1941, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuaga maji. Waliokuja baadaye kutaka kujua mtepe ulikuwaje walisaidiwa sana na mifano midogo iliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Mwaka 2003 mafundi walijenga upya mtepe wa ukubwa halisi, wakauita Shungwaya, nao ukawekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, mjini Zanzibar. Ujuzi ambao ungepotea ulikaa miaka mingi katika vyombo ambavyo mtu angeweza kuvibeba kwapani.

Ngalawa ndiyo inayotufikisha kwenye mbio. Mwili wake ni mwembamba, umechongwa kutoka gogo moja, mwembamba kiasi kwamba peke yake ungepinduka. Kinachouokoa ni mirengu miwili iliyolazwa kukingama, yenye matengo kwenye ncha, huku na huku. Matengo hugusa maji kidogo tu. Chombo kinapata utulivu wa chombo kipana bila kuburura uzito wa chombo kipana. Umbo hili ni la mabaharia wa Bahari ya Hindi na wa visiwa vya mashariki ya mbali, na pwani yetu imelitumia kwa uvuvi na mashindano kwa vizazi.

Sasa itazame boti ya mfano iliyo kasi kuliko zote katika mashindano ya leo. Ina mwili mwembamba katikati, mirija miwili imelazwa kukingama, na kwenye ncha zake yamefungwa maboya mawili madogo. Mvuvi wa Nungwi, Zanzibar, angelitambua umbo hilo mara moja. Kazi za matengo hayo hazifanani, na tofauti hiyo ndiyo utamu wa jambo lenyewe. Matengo ya ngalawa huzuia chombo kupinduliwa na upepo. Matengo ya boti ya mbio hukibeba chombo: kasi ikipanda, maji huyasukuma juu, mwili wa kati huachana na maji kabisa, na boti hubaki imegusa mahali patatu tu, matengo mawili mbele na propela nyuma. Propela yenyewe huwa nusu ndani ya maji na nusu hewani.

Njia hii ya kupita juu ya maji haikuanzia kwenye boti ndogo. Malcolm Campbell alitumia umbo la kugusa maji mahali patatu mwaka 1939 nchini Uingereza katika boti yake ya Blue Bird K4. Tarehe 26 Juni 1950, katika Ziwa Washington karibu na Seattle, boti ya Slo-mo-shun IV ilifikia maili 160 kwa saa, karibu kilomita 258, ikitembea juu ya matengo mawili na nusu ya propela. Wajenzi wa mifano waliiga haraka, na kwa sababu chombo chao kilikuwa chepesi, wakaisukuma njia hiyo mbali zaidi. Boti za umeme za kuvunja rekodi, zisizobeba mtu, leo hupita kilomita 200 kwa saa katika mstari ulionyooka.

Turudi Beit al-Ajaib, kwa sababu nyumba hiyo imeshika nyuzi mbili za kisa hiki. Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883, na ikapata jina kubwa Afrika Mashariki nzima kwa taa zake za umeme. Historia rasmi ya shirika la umeme la Kenya huanzia kwa Sultan huyohuyo: inasema alinunua jenereta mwaka 1875 kuangaza kasri na mitaa ya jirani, na kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua mashine hiyo na kuihamishia Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel alipata idhini ya kuipa Nairobi umeme. Nairobi haikuwa na jenereta ya Sultan. Ilikuwa na mito. Umeme wake wa mwanzo ulitoka kwenye maji ya Mto Ruiru.

Kampuni za Mombasa na Nairobi ziliungana mwaka 1922 na kuwa East African Power and Lighting. Mwaka 1925 kituo cha Ndula kilianza kuzalisha umeme kwenye Mto Thika. Kilikuwa kituo kidogo, cha megawati 2 tu, lakini kwa wakati ule hiyo ilikuwa nguvu ya kutosha kubadilisha mji. Kwa hiyo anayeishi Kiganjo na kuchomeka chaja ya betri ukutani anaishi katika eneo ambalo ni miongoni mwa maeneo ya kwanza Kenya kugeuza maji kuwa umeme. Ruiru na Thika ziliangaza Nairobi kabla vijiji vingi vya pembeni mwa mito hiyo havijapata hata balbu moja, na hilo linapaswa kukumbukwa pia.

Boti ya umeme ni ya kale kuliko mtu anavyodhani. Moritz Jacobi alisafirisha abiria kwenye Mto Neva, St Petersburg, mwaka 1838 na 1839, kwa mota aliyoijenga mwenyewe na betri nzito zilizojaa tindikali. Mwendo wake haukuzidi wa mtu anayetembea. Mwaka 1881, mjini Paris, Gustave Trouvé aliendesha boti kwenye Mto Seine kwa mota iliyofungwa pamoja na usukani, ambayo mtu angeweza kuing'oa na kwenda nayo nyumbani. Injini zote za kuning'inizwa nyuma ya mashua, kuanzia Lamu hadi Mbita, ni wajukuu wa wazo hilo. Hapo Ziwa Victoria wazo limerudi kwenye asili yake, kwani katika kaunti ya Homa Bay wavuvi wa omena wameanza kufunga mota za umeme mahali pa injini za petroli.

Kilichobaki kilikuwa kumtoa nahodha chomboni.

Nikola Tesla alifanya hivyo mwaka 1898. Katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, aliweka bwawa la maji na ndani yake chombo cha chuma kisichofika mita mbili, kikiwa na betri, mota, usukani na kipokezi cha mawimbi. Alisimama kando na kisanduku chake, chombo kikageuka kushoto na kulia na kuwasha taa zake. Redio ilikuwa ngeni kiasi kwamba baadhi ya watazamaji walifikiri anakiongoza kwa nguvu za akili, wengine wakashuku kuna nyani aliyefunzwa ndani. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898. Ni jambo la kushangaza na la kufurahisha: chombo cha kwanza duniani kuongozwa kwa redio mbele ya umma hakikuwa ndege wala gari. Kilikuwa boti ndogo ya umeme.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia kati. Ujerumani ilitengeneza boti za mabomu zilizoongozwa kwa waya mrefu kutoka pwani, na Oktoba 1917 moja iliigonga meli ya kivita ya Uingereza, Erebus. Huku kwetu, boti zilizoleta mshangao zilikuwa na watu ndani. Mwaka 1915 Waingereza walizisafirisha boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 na mwendo wa zaidi ya kilomita 25 kwa saa, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika. Zilibebwa kwa reli mpaka Fungurume, Katanga, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke na maksai katika milima, zikateremshwa kwa Mto Lualaba, zikapanda reli tena. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Ushindi huo ulikuwa wa wepesi juu ya ukubwa, na mizigo yake ilikuwa mabegani mwa mamia ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja, ambao vitabu vingi havikuwaandika majina.

Jina la Fungurume litarudi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana na wazee wa Ulaya na Marekani walianza kufunga redio kwenye mifano. Redio za wakati ule zilitumia vali za kioo na betri nzito, kwa hiyo boti ilikuwa mbebaji mzuri kuliko ndege: ilivumilia uzito. Kitufe kilikuwa kimoja. Ukikibonya usukani ulikwenda upande mmoja, ukikibonya tena ukaenda upande wa pili. Transista ilipofika ikapunguza uzito, na katika miaka ya 1960 usukani ukaanza kufuata mkono wa mwendeshaji hatua kwa hatua. Mwaka 1959 vyama vya Ulaya viliunda NAVIGA, shirikisho la kusimamia mashindano ya mifano ya meli, nalo bado linaendelea.

Boti za umeme zilikuwa nyuma katika mbio hizo. Injini ndogo za mafuta zilipiga kelele, zikatoa moshi, na zikashinda. Betri za nikeli na kadimiamu zilitoa volti 1.2 kwa kila seli, zilikuwa nzito, na zilichoka baada ya dakika chache. Mota zenye brashi za kaboni zilitoa cheche na kuungua. Aliyechagua umeme alichagua ukimya, na akakubali kushindwa.

Mambo matatu yaligeuza hali hiyo. La kwanza ni sumaku za neodimi, zilizovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye nguvu kubwa katika kipande kidogo kama ukucha. La pili ni mota isiyo na brashi, ambayo wazo lake lilichapishwa na wahandisi Wilson na Trickey mwaka 1962 lakini ilibidi lisubiri elektroniki za bei nafuu. Ndani yake sumaku huzunguka, shaba hutulia, na kidhibiti mwendo hupeleka umeme kwa zamu katika nyaya tatu, maelfu ya mara kwa dakika. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi. La tatu ni lithiamu. John Goodenough na wenzake walionyesha Oxford mwaka 1980 kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuhifadhi umeme mwingi. Akira Yoshino akaijenga betri kamili mwaka 1985. Sony ikaiuza mwaka 1991. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Toleo lake lenye mfuko laini, ambalo wapenzi wa mifano huliita lipo, lilifika kwenye boti katika miaka ya 2000. Ndani ya muda mfupi injini ya mafuta ilianza kushindwa.

Kobalti hiyo hutoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani huchimbwa Kongo, katika nchi ya Katanga inayozungumza Kiswahili, kuanzia Kolwezi hadi Likasi. Mojawapo ya migodi mikubwa ni Tenke Fungurume. Mahali ambapo Mimi na Toutou ziliteremshwa kutoka behewani mwaka 1915 ndipo leo yanapotoka madini yanayoipa kasi boti ya mbio. Wapo wanaochimba kwa mashine kubwa, na wapo wanaochimba kwa mikono, watoto wakiwemo, kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Mwenye kushika betri ya lipo mkononi ameshika jasho la watu wanaozungumza lugha yake. Akiitunza idumu misimu mingi badala ya kuiua kwa uzembe, amewaheshimu kidogo.

Thika ina nafasi yake katika sura hii ya karibuni. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland Kenya kilianza kuunganisha malori na mabasi mjini humo, na baadaye kikawa Kenya Vehicle Manufacturers. Kizazi kizima cha mafundi wa Thika kilijifunza humo kusoma michoro, kuchomelea kwa vipimo na kutandaza nyaya. BasiGo, kampuni iliyoanza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, ilifungua laini ya kuunganishia mabasi hayo katika kiwanda hicho mwaka 2024. Basi na boti vina mpango mmoja ndani: betri ya lithiamu, kidhibiti, nyaya tatu nene, mota. Betri ya basi hutumia chuma na fosfeti badala ya kobalti. Ni nzito zaidi na huvumilia zaidi. Boti ya mbio hutaka wepesi kwanza. Fundi anayekielewa chombo kimoja anakielewa kingine, na haya si maneno ya kujipa moyo, ni hesabu ileile ya volti na ampia.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa hapa. Chukua mota iliyoandikwa 2000, maana yake mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti. Ipe betri ya seli nne, yaani volti 14.8. Ikiwa haina mzigo itazunguka mara 29,600 kwa dakika. Funga propela ya milimita 40 ambayo kwa kila mzunguko ingesonga mbele milimita 56 kama maji yangekuwa ubao. Zidisha: karibu kilomita 99 kwa saa. Maji si ubao, na mota hulegea inapobeba mzigo, kwa hiyo robo moja au zaidi hupotea. Kinachobaki ni kilomita 70 na kitu kwa saa. Sheria ya Kenya humruhusu dereva wa matatu kilomita 80 kwenye barabara kuu ya Thika.

Mwili wa boti hujengwa kwa faiba na gundi ya epoksi, au kwa plaiwudi ya milimita 3. Anayeanza ashike plaiwudi. Plaiwudi humfundisha mistari, nayo hupatikana Thika kwa muuza mbao yeyote. Chini ya boti lazima pawe pamenyooka na kingo za nyuma ziwe kali kama zilivyokatwa, kwa maana maji hupenda kufuata kingo za mviringo na kuishikilia boti. Wajenzi wengi huharibu hapa: wanapiga msasa kila mahali mpaka boti inapendeza machoni, na kasi inakwisha. Uzito uwekwe ili boti ikining'inizwa ikae sawa kwenye nukta iliyo karibu theluthi moja ya urefu kutoka tezi. Betri ikisogezwa mbele sana omo huzama na boti huzunguka ghafla. Ikisogezwa nyuma sana omo huinuka, upepo huingia chini, na chombo hupinduka hewani.

Mota hukaa katikati na kuzungusha shafti ya waya inayopinda, iliyopakwa grisi, hadi nje ya tezi. Propela inapaswa kunolewa ukingo na kusawazishwa, kwa sababu katika mizunguko elfu 25 tofauti ndogo ya uzito huwa mtikisiko unaovunja beringi. Usukani huwekwa kando ya propela, na upande wa kulia hufungwa pezi la chuma linaloishika boti kwenye kona, kwani mbio nyingi za duara huzunguka kuelekea kulia. Tundu dogo kwenye usukani huchota maji na kuyapeleka kwa mrija hadi kwenye koti la mota na kidhibiti, yakapoza na kutoka ubavuni. Mwendeshaji akiona uzi huo wa maji umekatika, huirudisha boti mara moja.

Redio za zamani zilitumia fuwele, na watu wawili wenye fuwele ya masafa mamoja walipokutana, mmoja wao alipoteza boti. Tangu katikati ya miaka ya 2000 redio za gigahezi 2.4 hutafutana na kukubaliana zenyewe, na waendeshaji kadhaa hushindana bila kugongana hewani. Majini ni habari nyingine.

Betri ndiyo sehemu inayotaka nidhamu. Seli ikijazwa hufika volti 4.2. Ikishushwa chini ya 3 huanza kufa. Ikihifadhiwa wiki nyingi iachwe kwenye volti 3.8 hivi. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha taa. Huchajiwa juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, na mwenyewe akiwepo macho. Katika vyumba vya kupanga vya mtaani, ambapo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, kanuni hii si ya hiari.

Mafundi wenye mikono ya kufanya kazi hii wapo tayari. Jua kali ya Thika ina wasukaji wa mota zilizoungua, wachomeleaji wa mabomba, watengenezaji wa simu wanaoshika waya wa risasi kwa mkono usiotetemeka. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliwashangaza wachumi kwa kusema wazi kwamba kazi kama hizi zina tija na zinastahili kuungwa mkono. Watoto wa Kiambu wameunda magari ya waya yenye usukani mrefu tangu siku za babu zao. Kutoka gari la waya hadi boti ya umeme ni hatua moja, na hatua hiyo ni elimu na vifaa.

Kinachokosekana ni maji salama. Mito ya Chania na Thika ina mawe na mkondo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na kushika mita za ujazo milioni 70, ni maji ya kunywa ya Nairobi na si uwanja wa michezo. Mashimo ya machimbo ya mawe ya Juja na Ndarugo hujaa maji ya mvua na kuonekana matulivu, lakini kuta zake ni wima na kina hakionekani, na wengi wamezama katika mashimo ya aina hiyo. Hakuna boti inayostahili mtu kuingia humo. Boti ikizimika katikati, huvutwa kwa mshipi wa kuvulia samaki wenye mpira wa tenisi kwenye ncha, ambao hurushwa ng'ambo ya boti na kuvutwa polepole.

Maji yanayofaa yapo kwenye mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, ambako mabwawa madogo yalichimbwa zamani kwa ajili ya umwagiliaji na kuoshea kahawa. Wenye mabwawa hayo wanaombwa wayafungue kwa siku moja katika muhula, kwa makubaliano ya maandishi na kwa usimamizi. Vyuo vya ufundi vya Kiambu vinaombwa viiingize boti hii katika miradi ya wanafunzi wa umeme na useremala, kwa sababu humlazimisha mmoja kuelewa kazi ya mwenzake. Kuanza hakuhitaji mengi: maboya matatu, saa ya kupimia muda, jaketi za kuokolea, na mtu mzima anayejua kuogelea akiwa tayari kwenye mtumbwi.